Geti la Usoke

Siku ya kumi na tisa leo geti halijashuka.
Buibui ametanda kati ya mnyororo na nguzo,
nami Sizya Kapaya, mlinzi wa kivuko,
nalipwa mshahara kumtazama.

Tuta limekatika huko Usinge.
Mvua ililamba udongo, reli ikabaki inaning'inia
kama kamba ya nguo kwenye nyumba iliyohamwa.
Simu ya kituo ikasema: huduma imesitishwa.
Haikusema watu waende wapi.

Maana watu hawasitishwi.
Mama mwenye tikiti ya daraja la tatu,
magunia mawili ya karanga na mtoto wa kliniki,
humwambii akae ghalani angoje tuta likauke.
Behewa moja, abiria themanini:
wagawe kwenye Noah, wagawe kwenye michomoko,
wapange mshikaki kwenye pikipiki,
na bado watabaki wa kulala juu ya tumbaku kwenye fuso.
Hapo ndipo nilipojua mzigo uliokuwa ukipita mbele yangu
usiku, mara tatu kwa wiki,
huku nikiulaani kwa kuniamsha.

Zamani (mwezi uliopita, lakini naiita zamani)
dereva akifika hapa alipunguza gia,
akashusha kioo, akazima redio, akatega sikio.
Hata walevi.
Siku ya tatu bila treni waliangalia upande mmoja.
Siku ya saba hawakuangalia.
Siku ya kumi mwinuko huu wa reli
ukawa mahali pa kumpita mwenzako.

Ya kumi na tatu, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi.
Nkwabi, kijana wa pikipiki, kambeba mwalimu
anayewahi kusimamia mtihani Kaliua.
Fuso inampita mchomoko juu ya reli.
Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji.
Nilikishika hata baadaye,
nikiwa nimepiga magoti kwenye kokoto,
mwalimu akiniuliza bahasha ziko wapi,
bahasha, bahasha,
na Nkwabi hakuuliza kitu.

Kwenye daftari langu niliandika:
geti juu, treni haipo.
Yote mawili kweli.
Askari naye alikuja na fomu yake.
Chanzo cha ajali? Akajaza: mwendo kasi.
Nikataka kumwambia, afande, chanzo
kiko kilomita mia na ushee kutoka hapa,
maji yanapita chini yake na bata wanaogelea.
Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja tu,
na nyuma yake foleni ya magari ilishaanza kupiga honi,
na mmoja akapita pembeni, kwenye karanga za watu.

Leo asubuhi kiberenge kimepita.
Mafundi wanne, kofia za njano, wamenipungia mkono.
Kesho, wamesema. Kesho usiku treni inapita.
Watu kituoni wamepiga vigelegele.
Mimi nimeingia kibandani nikakaa.

Maana chuma kitarudi, tabia je?
Nani atawaambia wale wa usiku,
waliofundishwa siku kumi na tisa
kwamba hapa hapapiti kitu?

Saa tisa alasiri nimemtoa buibui kwa kijiti, taratibu.
Nimepaka mnyororo grisi.
Nimetoka na bendera nyekundu
nikalishusha geti.

Fuso imesimama kwa mlio, vumbi likanipita.
"Mzee, treni iko wapi?"
"Inakuja."
"Lini?"
"Kesho."
Akanitukania mama yangu, ambaye ni marehemu.
Nikamwacha. Nikahesabu kimyakimya,
moja, mbili, behewa la tatu,
mwendo ule ule, pengo lile lile la magurudumu.
Nilipofika la tisa akazima injini.
Juu ya marobota ya tumbaku msichana mmoja
akainua kichwa, akatazama magharibi, akasubiri nami.
Yalikuwa kumi na manne.
Sikuruka hata moja.